Mpunga Kugeuka Njano: Historia Inayoweza Kukuokolea Mfuko wa Urea

Ndugu mkulima, mpunga wako umeshachanua na majani ya chini yameanza kuwa njano. Kabla hujakimbilia duka la pembejeo, soma kwanza jinsi watafiti walivyohangaika na majani hayo hayo.

Zamani mpunga mwingi wa Asia ulikuwa mrefu. Ukiuwekea mbolea nyingi, ulirefuka, ukalala, majani yakafunikana na punje hazikujaa. Mwaka 1962, katika taasisi ya utafiti wa mpunga ya IRRI, Los Baños, Ufilipino, Peter Jennings alichanganya Peta, mbegu ndefu kutoka Indonesia, na Dee-geo-woo-gen, mbegu fupi ya Taiwan. Katika uzao huo Henry Beachell alichagua mmea ulioitwa IR8, uliotolewa kwa wakulima mwaka 1966. Ulikuwa na kimo cha kama mita 1, na majani yake yalisimama wima yakapata jua. Kwenye mashamba ya majaribio ulikaribia tani 10 kwa hekta.

Mwaka 1989 IRRI ikaanza kutafuta mpunga wenye machipukizi machache na punje 200 hadi 250 kwa suke. Masuke makubwa yalipatikana kweli, ila mapepe yalikuwa mengi. Ghala lilikuwa kubwa kuliko chakula.

Kumbuka kwamba mpunga ukishachanua, wanga mwingi wa punje hutengenezwa na majani ya juu, hasa jani bendera. Unaobaki hutoka kwenye akiba ya shina. Jani linapozeeka, mmea huvunja protini zake na kupeleka naitrojeni kwenye punje. Ile njano unayoiona ni jani linalohamisha mali yake.

Jani bendera likizeeka mapema, punje hazijai. Je, mpunga ukibaki kijani mpaka mwisho ndiyo heri? Hapana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Yang Jianchang wa Chuo Kikuu cha Yangzhou, China, na wenzake walionyesha kuwa mpunga uliozidishiwa naitrojeni huchelewa kuzeeka, na akiba hubaki shinani. Udongo ulipokaushwa kwa kiasi wakati punje zinajaa, akiba ilihama haraka zaidi. Lakini ukame mkali hupunguza mavuno, kwa hiyo usiuache mpunga unyauke.

Shambani kwako, fanya hivi:

- Urea ya mwisho iweke mimba inapoanza kutunga. Baada ya kuchanua umechelewa.
- Majani ya chini yakiwa njano huku jani bendera ni kijani, usiogope. Mpunga unakomaa.
- Jani bendera likiwa njano mapema, kagua maji, wadudu na magonjwa.
- Usikose maji wakati wa kuchanua. Yaondoe majarubani kama wiki 2 kabla ya kuvuna.

Fedha ya ule mfuko wa urea itunze, italipa wavunaji.