Nani aliliweka jina lile juu? Historia ya biashara ya nafasi ya kwanza kwenye intaneti

Leo tuache kidogo habari za barabara na bei ya unga. Tuongee juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakitumia kila siku bila kujiuliza kimetoka wapi. Mtu ananunua mega za siku moja, anafungua Google kwenye simu, anaandika "kazi Goma", au "kwenda Canada", au jina la dawa ya mtoto. Majina yanatokea, moja chini ya jingine. Anabofya la kwanza, kwa sababu mega ni kidogo na betri inaisha. Jina lile la kwanza lilifikaje pale juu?

Muuzaji yeyote wa soko la Virunga anaelewa swali hili bila kufundishwa. Meza ya mlangoni inauza kuliko meza ya ndani, hata kama nyanya ni zile zile. Ndiyo maana watu wanagombana juu ya meza ya mlangoni. Intaneti nayo ina meza yake ya mlangoni, na ugomvi juu ya meza hiyo una miaka thelathini sasa.

Mwaka 1994 wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Stanford, California, Jerry Yang na David Filo, walianza kuandika orodha ya tovuti walizozipenda. Orodha hiyo ikawa Yahoo. Watu ndio walioipanga kwa mkono: michezo huku, afya huku, biashara kule. Ndani ya kila fungu, majina yalifuata alfabeti. Basi wafanyabiashara wakafanya kile walichokuwa wamezoea kufanya kwenye vitabu vya namba za simu: wakajipa majina yanayoanza na A, wengine A tatu mfululizo. Huo ulikuwa kati ya ujanja wa kwanza kabisa wa kupanda juu, na haukuhitaji kompyuta yoyote.

Desemba 1995 ilikuja AltaVista, mtambo wa kampuni ya Digital. Huo haukungoja mtu apange orodha. Ulisoma kurasa wenyewe na kuangalia maneno yaliyomo. Wajanja hawakukawia. Kama mtambo unahesabu maneno, mtu anaandika neno "hoteli" mara mia mbili chini ya ukurasa, kwa herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe. Msomaji haoni kitu, mtambo unaona hoteli mia mbili. Hapo ufundi wa kupandisha tovuti ukawa kazi ya kulipwa, na watu wakafungua ofisi kwa ajili yake.

Kisha wakaja Larry Page na Sergey Brin, nao pia wa Stanford. Wazo lao mzee yeyote wa baraza angelikubali: usimsikilize mtu anavyojisifu, sikiliza wengine wanasema nini juu yake. Tovuti moja ikiweka kiungo kinachopeleka msomaji kwenye tovuti nyingine, ni kama imetoa ushahidi. Na ushahidi wa mtu anayeheshimiwa una uzito kuliko ushahidi wa mpita njia. Hesabu hiyo waliiita PageRank, na Septemba 1998 wakafungua kampuni yao, Google.

Mwaka huo huo, katika andiko lao la chuo, Page na Brin walionya kwamba mtambo wa kutafuta unaoishi kwa pesa za matangazo utaegemea upande wa wanaotangaza na kumwacha anayetafuta. Kumbukeni onyo hilo. Halikutolewa na maadui wa Google. Lilitolewa na wenye Google.

Wakati wao wanaonya, mtu mwingine alikuwa tayari amefungua duka. Bill Gross, wa Pasadena, California, alianzisha GoTo mwaka 1998. Kwake nafasi ya juu iliuzwa kwa mnada, neno kwa neno. Mwenye gereji akitaka kuonekana kwa anayeandika "magurudumu", anataja bei. Senti moja, senti tano, dola. Anayetaja zaidi anakaa juu. Na alilipa tu pale mtu alipobofya jina lake. Kama hakuna aliyebofya, hakuna deni. Wengi waliona ni aibu: mnawezaje kuuza majibu? Lakini GoTo ilikuwa na uaminifu ambao waliofuata hawakuuiga. Kando ya kila jina iliandika bei ambayo mwenyewe alikubali kulipa. Msomaji alijua kabisa kwamba huyu yuko juu kwa senti 12, si kwa sababu magurudumu yake ni mazuri.

Google nao walihitaji kula. Oktoba 2000 walifungua huduma yao ya matangazo, AdWords, wakiwa na wateja 350. Februari 2002 wakachukua njia ya mnada na malipo kwa kila mbofyo, lakini wakaongeza jambo moja la akili: bei peke yake haitoshi, wanaangalia pia kama watu wanalibofya tangazo kweli. Tangazo la bei ndogo ambalo watu wanalipenda linaweza kupita la bei kubwa lisilopendwa. GoTo, iliyokuwa imebadilisha jina kuwa Overture, iliwashitaki kwa kuiga. Yahoo ikainunua Overture mwaka 2003, na mwaka uliofuata Google ikamaliza kesi kwa kuwapa Yahoo hisa milioni 2.7.

Sasa kuna jambo linalotuhusu sisi wenye simu ndogo. Juni 2002 tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliziandikia kampuni za mitambo hii, baada ya malalamiko ya shirika moja la watetezi wa walaji: tenganisheni wazi kilicholipiwa na kisicholipiwa. Kwa miaka mingi Google ilipaka matangazo rangi nyuma yake, na jicho liliona mara moja. Mwaka 2013 rangi hiyo ikaanza kuondolewa, kikabaki kibandiko kidogo cha manjano. Mwaka 2016 kibandiko kikawa kijani, rangi ile ile ya anwani iliyokuwa pembeni yake. Mwaka 2020, kwenye kompyuta, likabaki neno jeusi tu. Kampuni ilieleza kila mara kwamba inarahisisha ukurasa. Mimi naona kitu kingine: mpaka uliokuwa ukuta umekuwa mstari wa chaki.

Wasiotaka kulipa mnada nao walikuwa na njia zao. Kama viungo ni mashahidi, basi mashahidi wananunuliwa. Yakazuka mashamba ya viungo, maelfu ya tovuti zisizosomwa na mtu, zikitoa ushahidi kwa anayelipa. Februari 2011 gazeti la New York Times lilionyesha kwamba duka kubwa la Marekani, J.C. Penney, lilikuwa likitokea juu kwa magauni, kwa vitanda, kwa mazulia, kwa msaada wa viungo vilivyolipiwa kwenye tovuti zisizohusiana kabisa na mambo hayo. Duka lilisema halikuwa na habari, likaifukuza kampuni iliyokuwa ikilifanyia kazi hiyo. Google ikalishusha chini kwa muda wa siku tisini hivi. Mwezi ule ule ikatoa badiliko lililoitwa Panda, kupunguza kurasa tupu, na Aprili 2012 likaja Penguin, dhidi ya viungo vya kununua. Tovuti nyingi zikaanguka usiku mmoja, baadhi zikiwa za watu wadogo waliodanganywa na mafundi wao.

Tusidhani mambo haya yaliishia ng'ambo. Jirani zetu wa Kenya waliyaona mlangoni kwao. Kulikuwa na kampuni moja Nairobi, Mocality, iliyotengeneza orodha ya biashara ndogo: saluni, vioski, mafundi seremala. Njia yao ilikuwa nzuri. Waliwalipa raia wa kawaida kupitia M-Pesa ili wazunguke mitaani na kuandika jina la duka, mahali lilipo na namba ya simu. Hivyo walikusanya biashara zaidi ya laki moja, nyingi kati yake hazikuwahi kuwa na jina lolote kwenye intaneti. Mwaka 2011 Google nayo ilikuja na mpango wa kuwapa wafanyabiashara wa Kenya tovuti za bure. Muda si muda, wenye maduka wakaanza kuwapigia Mocality simu, wakiuliza juu ya tovuti ambazo Mocality haikuwa inaziuza.

Mocality ikatega mtego. Kwa wageni waliotoka kwenye anwani moja ya kompyuta waliyoishuku, ikabadilisha baadhi ya namba za wenye maduka, ikaweka namba za wafanyakazi wake wenyewe. Simu zikaja. Waliopiga walijitambulisha kuwa wa Google na kudai wanashirikiana na Mocality, jambo ambalo halikuwa kweli. Januari 2012 Mocality ikatoa kila kitu hadharani, pamoja na sauti zilizorekodiwa. Google ikaomba radhi wazi. Lakini Mocality yenyewe haikudumu. Mwaka uliofuata ilifunga. Mimi nikisoma kisa hiki nawafikiria wale watu waliozunguka kwa miguu. Mali kubwa ya biashara hii ilikuwa kujua duka la Mama Fulani liko wapi, na maarifa hayo yalitoka kwa maskini.

Na huku kwetu? Mwenye duka anayetaka kuonekana kwenye ramani ya Google anajiandikisha bila kulipa. Hiyo ni habari njema, na komisioneri anayewaomba dola hamsini kwa "kuweka duka lako Google" anauza kitu cha bure. Shida ilikuwa uthibitisho. Kwa miaka mingi kampuni ilituma kadi ya posta yenye namba ya siri hadi mlangoni mwa duka. Kadi ya posta, katika mji ambao barua haifiki mlangoni, na ambao lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilifunika sehemu ya katikati pamoja na barabara zake! Baadaye waliongeza njia ya simu na ya video. Mwenye farmasi au fundi wa simu anayeandika vizuri jina, mtaa, saa za kufungua na namba, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, anaweza kutokea kabla ya kampuni kubwa pale mtu wa jirani anapotafuta, kwa sababu mtambo unaangalia pia umbali.

Lakini upande wa anayetafuta ndio unaonitia wasiwasi. Mwaka 2018 Michael Golebiewski wa Microsoft alieleza hatari ya maswali ambayo kurasa za kuyajibu ni chache au hazipo. Katika pengo kama hilo, yeyote anayeandika kwanza anakaa juu, hata kama ni mwongo, kwa sababu hakuna wa kumpita. Maswali yetu mengi kwa Kiswahili yako katika pengo hilo. Mama aliyehama na watoto, akiwa Nyarugusu au Nakivale au katika shule ya jirani, akitafuta namna ya kupelekwa ng'ambo, anaweza kukutana na ukurasa uliotengenezwa kwa maneno yale yale anayoyaandika. Unamwomba ada ya fomu, kisha ada ya kufungua dosie.

HCR haitozi hata franka moja kwa kuandikisha mkimbizi wala kwa kumpeleka nchi ya tatu. Safari hiyo hainunuliwi. Anayemtafuta ndugu aliyepotea wakati wa kukimbia, huduma ya Msalaba Mwekundu na CICR nayo ni bure, na wanapokea watu ana kwa ana, hata asiye na simu.

Hata Google kuwa pale kwenye simu mpya, ukiifungua tu, ni nafasi iliyolipiwa. Katika kesi iliyosikilizwa Washington ilijulikana kwamba mwaka 2021 pekee kampuni ililipa dola bilioni 26.3 kwa Apple, Samsung na wengine, ili iwe ya kwanza kwenye vyombo vyao. Bajeti ya serikali yetu ya mwaka ule haikufika hata nusu ya pesa hizo. Agosti 2024 jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google ilivunja sheria kulinda ukiritimba wake.

Kwenye simu zetu, ambazo nyingi ziko kwa Kifaransa, hadi mwaka 2025 kibandiko kilisema "Sponsorisé". Zilikuwa herufi ndogo, juu ya jina, upande wa kushoto. Chini ya matangazo hayo, wakati mwingine baada ya kuvuta kidole mara mbili, ndipo majibu yasiyolipiwa yanapoanza.