Tanga: mji uliolelewa na mkonge na safari yake ya kuinuka tena

Mwaka 1893 miche 62 ya mkonge ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, alikuwa ameagiza miche 1,000 kutoka Florida, na hiyo 62 ndiyo iliyonusurika safari ya baharini. Mwaka huohuo mafundi walianza kutandika reli kutoka bandari ya Tanga kwenda Muheza. Mambo hayo mawili, mche na reli, ndiyo yaliyoulisha mji wa Tanga kwa miaka sabini iliyofuata.

Reli ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Kila ilipofika, mashamba ya mkonge yaliifuata pembeni. Mashamba yalihitaji mikono, na mikono ilitafutwa mbali: Kigoma, Songea, Njombe, Burundi, Msumbiji. Watu hao waliitwa manamba. Waliishi kambini kwa mkataba, wakilipwa kwa kazi iliyokamilika. Wengi walirudi kwao, lakini wengine walibaki, wakaoa, wakajenga. Ndiyo maana hadi leo katika mitaa ya Ngamiani, yenye barabara zinazoitwa kwa namba, utakuta ukoo wa Kiha umepakana na wa Kimakonde na wa Kidigo, na wote wanazungumza Kiswahili cha Tanga. Mji huo ndio uliochapisha gazeti la Kiongozi enzi za Wajerumani, na katika kijiji cha jirani, Vibambani, ndipo mshairi Shaaban Robert alipozaliwa mwaka 1909.

Inafaa kuitazama kazi yenyewe kwa karibu, kwa sababu ndani yake kuna siri ya kustawi na kuporomoka kwa Tanga. Mkataji huingia shambani alfajiri, hukata majani ya chini, huondoa miiba ya nchani, kisha huyafunga mizigo ya majani thelathini thelathini. Toroli huipeleka mizigo kwenye korona, yaani mtambo wa kuchakata majani. Huko majani hupita kwenye magurudumu yenye visu butu yanayoiponda nyama ya jani na kuikwangua, huku maji mengi yakiisukuma nje. Kinachobaki ni singa, nyuzi nyeupe zenye ukijani kidogo, zinazoanikwa juani, zikapigwa brashi na kufungwa marobota. Katika kila kilo 100 za majani, singa ni kilo nne hivi. Zilizobaki zote zilimwagwa mtoni au zilirundikwa zikaoza nyuma ya kiwanda. Marobota nayo yalipanda treni hadi bandarini, na kamba ikasokotwa Ulaya na Marekani. Kwa hiyo hata siku za neema Tanga iliuza sehemu ndogo ya mmea wake, tena ikiwa ghafi.

Na siku za neema zilikuwepo kweli. Vita ya Korea ilipandisha bei mwanzoni mwa miaka ya 1950. Tanganyika ilipopata uhuru, mkonge ndio uliokuwa ukiongoza kuiletea fedha za kigeni, na mashamba yalikuwa na wafanyakazi zaidi ya 100,000. Mwaka 1964 uzalishaji ulifika tani 230,000 hivi, na hakuna nchi duniani iliyotuzidi.

Kisha ikaja kamba ya plastiki. Wakulima wa Ulaya na Marekani waliokuwa wakifungia nyasi kwa kamba ya mkonge walipata mbadala wa bei nafuu, na soko likaporomoka. Wapo wanaosema Tanga iliuawa na Azimio la Arusha na utaifishaji wa mashamba mwaka 1967. Mimi siikubali hoja hiyo nzimanzima, kwa kuwa bei ilikuwa imeanza kushuka kabla ya Azimio. Lakini ni kweli kwamba shirika la umma lililokabidhiwa mashamba lilishindwa kupanda upya. Mkonge hukatwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu hivi, na maisha yake hayazidi sana miaka kumi au kumi na miwili. Asiyepanda leo hatakuwa na cha kukata kesho. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa inatoa tani 20,000 hivi, na mashamba mengi yalikuwa yamegeuka pori.

Serikali haikukunja mikono. Katika miaka ya 1970 Tanga ilipewa kiwanda cha mbolea na cha chuma, juu ya vile vya mbao na sabuni. Kiwanda cha mbolea ndicho cha kujifunzia zaidi. Kilijengwa kando ya bahari kwa sababu karibu kila kilichohitaji, salfa, amonia na hata fosfeti, kilitoka ng'ambo kwa meli. Mgodi wa fosfeti wa Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, ulianza mwaka 1983 ili kukilisha, lakini salfa na amonia bado ziliagizwa. Fedha za kigeni zilipokauka, kiwanda kikadhoofika, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikafungwa. Minjingu nao ukampoteza mteja wake mkuu. Saruji ya Tanga, iliyoanza mwaka 1980 pale Pongwe, haikufa, maana mawe ya chokaa iko nayo hapohapo.

Tofauti hiyo ndiyo ninayoiona kuwa jibu la swali la jinsi ya kuuinua mji kama huu. Mji wa viwanda huinuliwa na kinachouzunguka: mashamba, mifugo, maji, mawe, na njia ya kuvifikisha sokoni. Kukarabati majengo ya kiwanda ambacho malighafi yake inatoka bara jingine ni kurudia kosa la zamani.

Ushahidi upo, na mzuri kuliko wote ni maziwa. Tangu miaka ya 1980 mpango wa ng'ombe wa maziwa uliwafikia wafugaji wadogo wa mkoa huu, wengi wakiwa na ng'ombe mmoja, wawili au watatu waliofungiwa nyuma ya nyumba. Walijiunga katika vyama, vyama vikaunda chama kikuu, na pamoja na wenzao wafugaji wa Uholanzi wakaanzisha Tanga Fresh katika miaka ya 1990. Kila asubuhi mama anafika kituoni na ndoo yake, maziwa yanapimwa kama yametiwa maji au yameanza kuharibika, lita zinaandikwa daftarini, na mzigo unaelekea kiwandani mjini. Mtindi wa Tanga sasa unanywewa Dar es Salaam. Kiwanda hiki kina maelfu ya watu nyuma yake, na ndiyo maana hakiangushwi kirahisi.

Mkonge nao umefuata njia hiyo. Kampuni ya Katani, iliyochukua mashamba ya umma mwaka 1998, iligawa sehemu ya ardhi kwa wakulima wadogo, na sasa vyama vyao vya ushirika vya Korogwe na Hale vinavuna kwa jina lao. Mwaka 2008 Hale ilianza kuzalisha umeme kutokana na mabaki ya mkonge, yaleyale yaliyomwagwa mtoni kwa zaidi ya karne. Mtambo ulikuwa mdogo, lakini ulionyesha kwamba zile kilo 96 zina thamani.

Mambo makubwa nayo yamefika. Bandari imechimbwa kina kutoka mita 3 hadi 13 na kupata gati mbili zenye urefu wa mita 450, kwa gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 429. Awali meli zilitia nanga mbali na shehena ikavushwa kwa matishari. Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Nalifurahia, lakini bomba huajiri wengi linapojengwa na wachache likishakamilika. Lililonipa matumaini zaidi halikuvuma sana: mwaka 2024 mamlaka ya maji ya jiji, Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53 ili kupanua huduma ya maji, na wanunuzi walizidi kiasi kilichotakiwa. Mji ambao watu wanakubali kuukopesha fedha zao ni mji wanaouamini.

Jiji lilikuwa na wakazi 273,332 mwaka 2012. Sensa ya 2022 ilihesabu 393,429. Watoto wa wakazi hao watahitaji kazi, nyingi, tena karibu na kwao. Ombi langu kwa halmashauri ya jiji, Bodi ya Mkonge na wizara husika ni hili: mapato yatakayotokana na bandari na bomba yaelekezwe kwanza kwenye korona za vyama vya ushirika, kwenye viwanda vya kusokota kamba na kufuma mazulia hapahapa Tanga, na kwenye matengenezo ya reli ya kwenda Moshi na Arusha. Sehemu kubwa ya singa zetu bado inasafirishwa ghafi, kama ilivyokuwa wakati wa Wajerumani.