Shairi la katuni: kwa nini sauti inatafutwa mbele ya michoro

Kisangani, watu wengi wanaotaka kufanya filamu fupi ya katuni kutoka shairi wanaanza na kuchora. Michoro ikiisha, njo wanatafuta mtu wa kusoma. Hapo shida inaanza, kwani picha inafuata pumzi ya msomaji.

Hesabu ni hii. Shairi la mistari 16, likisomwa sekunde 4 kwa kila mstari, linachukua sekunde 64. Msomaji wa polepole atatumia sekunde 6 kwa mstari, jumla 96. Kwa michoro 12 kila sekunde, wa kwanza anaomba michoro 768, wa pili 1152. Tofauti ni michoro 384, na mchoraji njo atailipa kwa siku zake. Basi sauti irekodiwe kwanza, hata kwa telefone tu.

Swali la pili ni luga. Lingala na Kiswahili zinakutana kila siku Makiso, Mangobo, Tshopo, Kabondo, Lubunga na komine Kisangani. Kifaransa ni cha masomo na ofisi. Sauti nzito na nzuri haitoshi. Mtu aliyezoea Kiswahili cha kitabu tu atasoma shairi sawa vile anasoma komunike, na wakaaji watasikia mara moja kwamba si sauti ya hapa.

Wasomaji wako karibu: waigizaji wa michezo ya redio, wasomaji wa kanisani, wazee wenye kujua hadisi. Studios Kabako ya Faustin Linyekula, iliyoanzishwa Kinshasa mwaka 2001 na kuhamia Kisangani, imezoesha vijana kazi ya jukwaa. Hata katuni za Congo zilianzia mdomoni: filamu ya Jean-Michel Kibushi ya mwaka 1991, « Le Crapaud chez ses beaux-parents », ilitoka katika hadisi ya Watetela.

Kuna mashairi yanayoomba uangalifu zaidi. Shairi juu ya vita vya siku sita vya Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji, linaweza kusomwa na kijana asiyeviona. Likisomwa na mama aliyejificha chini ya kitanda siku zile, kila neno litakuwa na uzito mwingine. Lakini yeye aulizwe kwanza kama anataka kurudi kule, na awe na ruhusa ya kusimama katikati. Sauti nzuri haipatikani kwa kumuumiza mwenye nayo.

Ili kuchagua, watu watatu wasome mistari minne ile ile. Wasikilizaji, mtoto na mzee wakiwemo, wasikie bila kujua majina, kisha waeleze walichoelewa. Kurekodi kufanyike alfajiri, mbali na bati la mvua, jenereta na pikipiki. Chumba chenye nguo na blanketi nyingi kinapunguza mwangwi.

Mwisho, mapatano yaandikwe: malipo, mahali filamu itaonyeshwa, na jina la msomaji mwishoni mwa filamu. Sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda watunzi, na pia haki zinazokaribiana na zao. Aliyetoa sauti si mtu wa kushukuriwa kwa maneno tu.