Nyota ya Ukingoni

Edward Emerson Barnard alikuwa hajatimiza miaka tisa alipoajiriwa, mwaka 1866, katika studio ya picha mjini Nashville, Marekani. Baba yake alifariki kabla yeye hajazaliwa, na nyumbani walikuwa hohehahe. Juu ya paa la studio palikuwa na mashine kubwa ya kukuzia picha, jina lake Jupiter, iliyotegemea mwanga wa jua. Kazi ya mtoto ilikuwa kuzungusha magurudumu yake kutwa, ili jua lisitoke kwenye lenzi. Watoto waliomtangulia walisinzia. Yeye hakusinzia, na mwaka 1889, akiwa kituo cha unajimu cha Lick huko California, ndiye aliyeanza kupiga zile picha za Njia ya Maziwa ambazo hadi leo naziangalia kwa heshima.

Nimeanza na Barnard kwa sababu picha za nyota huwa tunazisimulia kwa kuhesabu ukubwa wa vioo, na aliyeshika usukani anasahauliwa. Dunia inajizungusha, nyota zinahama digrii 15 kila saa. Mashine ya saa inaizungusha darubini izifuate, lakini hakuna meno ya gia yaliyochongwa sawasawa kabisa. William Cranch Bond na John Adams Whipple walipoipiga picha nyota ya Vega kule Harvard mwaka 1850, walihitaji sekunde 100 tu. Henry Draper alipoigeukia nebula ya Orion, Septemba 1880, aliacha bamba la picha wazi dakika 51. Kwa muda huo lazima mtu achungulie na kurekebisha, bila kupumzika.

Mwaka 1882 kimondo kikubwa chenye mkia kilionekana kusini mwa dunia. David Gill, mnajimu wa kituo cha Rasi ya Tumaini Jema, alimwita mpiga picha wa Mowbray, jirani na kituo, wakaifunga kamera yake ya kawaida kwenye darubini. Gill akawa anachungulia kwenye darubini na kukifuata kimondo, kamera ikipiga kando yake, picha nyingine kwa zaidi ya saa mbili. Mabamba yaliposafishwa, nyuma ya mkia palikuwa na nyota tele. Hapo ndipo Gill alipoona kwamba anga lote laweza kuandikishwa kwa picha, na mwaka 1887 wanajimu walikutana Paris kupanga ramani ya namna hiyo. Nafurahi sana kwamba jambo hili lilianzia Afrika.

Lakini mbinu ya Gill, darubini moja kuongoza na nyingine kupiga, ina kasoro. Mabomba ya darubini mbili hayapindi sawa. Kioo kikubwa nacho hujisogeza kidogo kwenye kiti chake kadiri darubini inavyoinama. Unaweza kuishikilia nyota pale pale katika darubini ya kuongozea, na bado bamba likatoka na mistari badala ya nukta. Ni sawa na kumpima kaka mtu joto ili ujue homa ya mdogo wake.

Dawa aliileta Andrew Ainslie Common, Mwingereza wa Ealing, mhandisi wa mabomba ya maji aliyefanya unajimu kwa mapenzi yake. Nyota ya kuongozea aliichukua kutoka kwenye kioo kile kile kinachopiga picha, pembeni tu ya bamba. Lenzi ya kuchungulia ilishikamana na fremu ya bamba, na fremu yenyewe ilisogea kwa skrubu nyembamba. Mnajimu George Ritchey aliupokea mtindo huo katika kituo cha Yerkes huko Marekani, akaunoa. Mkono mmoja skrubu hii, mkono wa pili ile, jicho kwenye nyuzi mbili zilizopishana, na katikati yake nyota isiyoruhusiwa kutoka. Darubini nzito inaachwa iende zake. Bamba jepesi ndilo linalosogezwa. Kwangu mimi huu ni mmoja kati ya uvumbuzi mzuri kabisa wa fani hii, na ni aibu kwamba jina la Common halitajwi.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kamera ndogo za elektroniki zilianza kuchukua nafasi ya jicho hata kwa wapenzi wa kawaida. Nyuzi zilizopishana zikawa programu. Nyota ya ukingoni ikabaki.

Hapa Morogoro naihitaji kuliko mtu wa Ulaya. Ncha ya kusini ya anga iko digrii saba hivi juu ya upeo, yaani nyuma ya milima ya Uluguru, hivyo mhimili wa darubini siwezi kuulenga kwa kuiangalia. Nautega kwa kutazama nyota zinavyoteleza, na kosa kidogo hubaki. Kifaa changu kina prizimu ndogo inayochepusha mwanga wa ukingoni kuupeleka kwenye kamera ndogo ya kuongozea, huku kamera kubwa ikipiga picha. Kazi ya kuongoza naianza mchana. Naelekeza darubini kwenye mnara wa simu ulio mbali, nasawazisha kamera kubwa kwanza, kisha nasogeza ile ndogo ndani ya shingo yake mpaka mnara uonekane kwa ukali ule ule, nakaza skrubu. Umbali kutoka kwenye prizimu hadi kamera zote mbili lazima ulingane. Prizimu naiweka upande mrefu wa kihisi cha kamera kubwa, ambako nyota hazijavutika sana umbo, naishusha hadi kivuli chake kijitokeze ukingoni mwa picha, halafu naipandisha kiasi kivuli kiondoke.

Usiku, pasipoonekana nyota, nazungusha kifaa chote pamoja na kamera, taratibu, hadi moja ipite. Katika sehemu za anga zenye nyota chache kazi hiyo yaweza kula muda mrefu kuliko picha yenyewe ya kwanza. Ritchey naye ilimbidi aipate nyota yake ukingoni kabla ya kufungua bamba.