Kosa na Kanuni: Tahajia ya Kiswahili Katika Historia

Malalamiko kuhusu uandishi wa vijana yamezoeleka shuleni na vyuoni. Tangu ujumbe mfupi wa simu uenee nchini Kenya katika miaka ya 2000, lawama imeelekezwa kwa simu: ndiyo inayozaa *zahabu* badala ya *dhahabu*, *ana soma* badala ya *anasoma*, na *hii kitu* badala ya *kitu hiki*. Makala haya yanadai kwamba makosa hayo hayana asili moja, na kwamba dhana yenyewe ya kosa haieleweki barabara pasipo kurejelea historia ya tahajia.

Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu. Alfabeti ya Kiarabu haina herufi asilia za *p* wala *ch*, na alama zake tatu za irabu hazitenganishi *e* na *i*, wala *o* na *u*. Msomaji alikamilisha kwa umilisi wake kile kilichoachwa na mwandishi. Wamishenari walipoeneza hati za Kirumi, walizijenga juu ya lahaja tofauti: Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka wa 1844, aliegemea Kimvita, Edward Steere, katika kitabu chake cha sarufi cha 1870, aliegemea Kiunguja. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka wa 1930 ikakabidhiwa jukumu la kusawazisha tahajia na vitabu vya shule katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar.

Uamuzi huo ulikuwa na manufaa, kwani kitabu kimoja kiliweza kusomwa kutoka pwani hadi bara. Hata hivyo, ulikuwa na gharama. Mtoto wa Mombasa aliyelelewa na *mato*, *nti* na *nde* alipaswa kuandika *macho*, *nchi* na *nje*; lugha ya mama yake ikahesabiwa kuwa kosa katika mji wake mwenyewe. Aidha, tahajia sanifu haionyeshi mpumuo unaotofautisha *paa* mnyama na *paa* la nyumba katika Kimvita. Kufuta tofauti hiyo hakukuitwa kosa, kwa kuwa kulifanywa na kanuni.

Je, ina maana kwamba kila kosa ni dhuluma ya historia? La hasha. Anayeandika *zana* akikusudia *dhana*, au *samani* akikusudia *thamani*, anapoteza maana, ingawa chanzo ni fonolojia ya lugha yake ya kwanza wala si uzembe. *Ana soma* huvunja umoja wa kitenzi, kwa kuwa *a-* na *-na-* ni viambishi visivyojitegemea. *Hii kitu*, kwa upande wake, ni suala la sarufi: ngeli ya KI-VI imeachwa, jambo lililozoeleka katika mazungumzo ya bara muda mrefu kabla ya simu ya mkononi.

Kwa hivyo, mhakiki na mwalimu wanahitaji kutenganisha mambo matatu: lahaja iliyoshindwa katika uteuzi, athari ya lugha ya kwanza, na ukiukaji wa mfumo wa lugha yenyewe. La kwanza lastahili heshima, la pili mazoezi, la tatu marekebisho. Kalamu nyekundu isiyotambua tofauti hiyo husahihisha maandishi huku ikimfunza mwenye lugha kuionea haya.