Amana Njiani: Fedha Zilivyosafiri Kasulu na Kibondo

Tarehe 23 Oktoba 1871 David Livingstone aliingia Ujiji mgonjwa na amekonda, akitegemea mzigo aliotumiwa kutoka Unguja. John Kirk wa ubalozi wa Uingereza alikuwa ameupitisha kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na mtu aitwaye Sherifu akakabidhiwa aufikishe ziwani. Livingstone aliandika kwamba hakukuta hata yadi moja ya kitambaa kati ya 3,000, wala uzi mmoja wa shanga kati ya ratili 700. Sherifu alikuwa amepiga ramli kwa Kurani, akaona Mzungu amekwisha kufa, akauza vyote kwa rafiki zake apate pembe. Kisha akaja kumpa mkono bila haya, na alipokataliwa akanuna.

Sehemu kubwa ya biashara ya Bagamoyo hadi Ujiji ilikwenda kwa mali kauli. Matajiri wa Unguja kama Ladha Damji na Taria Topan walitanguliza vitambaa na shanga, mchukuaji akarejea na pembe baada ya miezi au miaka. Aliyekula mali ya watu hakupata tena mtaji pwani, na hofu hiyo ilimbana kuliko hati yoyote. Sherifu hakubanwa. Mwenye mali alidhaniwa marehemu, na wakubwa waliomtuma walikuwa mbali mno. Kwangu mimi huo ndio ufunguo wa historia nzima ya fedha za kuaminiana mkoani Kigoma: huharibika pale aliyedhulumiwa anapokosa pa kushtakia.

Ukipanda kutoka Ujiji kuelekea Kasulu na Kibondo unaingia Buha, nchi ya Waha, na huko amana ya zamani ilikuwa ng'ombe. Kwa desturi ya ubugabire, tajiri alimpa mtu ng'ombe wa kufuga. Mfugaji alikunywa maziwa na kupata mbolea ya shamba lake, naye alidaiwa utumishi na sehemu ya uzao. Hapakuwa na maandishi, wala hayakuhitajika. Ng'ombe alichungwa mbele ya macho ya kijiji, kila mtu akijua ni wa nani na amezaa mara ngapi. Siusifu mpango huo kupita kiasi, maana uliwafunga wengi chini ya wachache, lakini mashahidi hawakukosekana.

Mashahidi waliachwa nyumbani pale Waha walipoanza kuandikishwa umanamba. Kasulu na Kibondo zilikuwa kati ya wilaya zilizotoa wakata mkonge wengi kwa mashamba ya Tanga na Morogoro, na mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, shirika la kuwakusanya na kuwasafirisha. Kule shambani ujira ulihesabiwa kwa kipande: siku 30 za kazi ziwe zimetiwa alama kwenye kadi, ndipo mtu alipwe. Aliyetaka kusaidia nyumbani kabla ya mkataba kwisha alimpa fedha mwenzake aliyemaliza, wa kijiji kimoja au ukoo mmoja, apande nazo treni ya reli ya kati hadi Kigoma. Ukoo ndio uliokuwa dhamana. Mjumbe akizila, mama yake alikuwa jirani wa mdai.

Sura iliyo nzito zaidi ni ya kambi za wakimbizi. Warundi walikimbilia huku tangu 1972, wakaja kwa wingi baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa Wakongo, na machafuko ya Burundi ya 2015 yaliijaza tena, huku Nduta ikifunguliwa upya wilayani Kibondo. Wengine walikwisha kupelekwa Marekani, Kanada na Australia, na huko wakaanza kutuma chochote kwa ndugu waliobaki. Fedha hizo zilifika kwa urahisi mpaka Kasulu mjini. Hapo ndipo zilipokwama. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 haimruhusu mkimbizi kutoka eneo la kambi bila kibali, na dirisha la benki hudai kitambulisho ambacho wengi hawana. Basi ndugu wa ng'ambo huandika jina la Mtanzania, labda muuza duka wa kijiji jirani cha Makere, aende akapokee na kuleta.

Vodacom ilipoleta M-Pesa nchini mwaka 2008, na kampuni nyingine zikafuata, safari ya mjini ilipungua lakini mtu wa kati hakuondoka. Kusajili laini kwa alama za vidole, kulikofikia kilele Januari 2020, kulihitaji kitambulisho, na asiye nacho hupokelea kwenye laini ya mwingine. Mtumaji huongeza "ya kutolea", mwenye laini hukata chake, wakala hukabidhi noti. Wengi hufikisha hadi shilingi ya mwisho, na nawaheshimu, kwa kuwa bila wao kuna watoto wangelala njaa pale mgao wa chakula unapopunguzwa. Lakini wapo wanaokata theluthi, wapo wanaosema fedha haijaingia, na wapo wanaozima simu. Mkimbizi aliyetoka kambini bila kibali ataanzaje kueleza kituo cha polisi alifuata nini mjini?

Mwaka 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwapa fedha taslimu baadhi ya wakazi wa Nyarugusu badala ya chakula, na soko likachangamka. Mwaka uliofuata serikali ilisimamisha mpango huo. Biashara ya kambini ikaendelea, na sehemu kubwa yake ikarudi kivulini.

Serikali zina sababu ya kuhofia fedha zisizoonekana. Wafichaji wa fedha haramu na wasafirisha watu hupita njia hizohizo. Hata hivyo kufunga kwa pupa huumiza wasiohusika. Novemba 2001 Marekani iliifunga al-Barakaat, hawala kubwa ya Wasomali, na uchunguzi wa baadaye haukupata ushahidi kwamba ilifadhili mashambulizi ya Septemba. Kenya nayo ilisimamisha kampuni 13 za kutuma fedha baada ya shambulio la Garissa la Aprili 2015, kisha ikaziruhusu tena. Kwetu, tozo ya miamala ya Julai 2021, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, iliwarudisha wengi kwenye noti mkononi na bahasha kwa dereva wa basi, hata serikali ikaipunguza kwa asilimia 30 Septemba.

Tangu 2017 Warundi wanarudishwa kwao kwa makundi. Kambini, wazee wa Kirundi, bashingantahe, wamezoea kuamua madeni kati ya wakimbizi, ila hawana uwezo wa kumwita raia wa Makere au Kibondo mjini. Anayepanda gari la kurudi Ruyigi huku fedha yake imebaki kwenye laini ya mwingine hataiona tena. Mahakama ya mwanzo ingeweza kuketi kambini kwa siku chache kabla ya kila msafara, mdai na mwenye laini wakaitwa pamoja, na swali la kibali likawekwa kando mpaka deni limesikilizwa.