Daftari la Majina ya Wanunuzi

Somo letu la leo ni historia ya biashara kwa njia ya posta, na habari za Mmarekani mmoja, Bwana Richard Sears. Alianza kuuza saa za mfukoni mwaka 1886. Baadaye kampuni yake ya Chicago iliuza nguo, vyombo, hata plau. Mkulima aliyekaa mbali na maduka aliletewa kitabu kikubwa chenye picha na bei, akachagua, akaagiza kwa barua.

Basi, kitabu kile apelekewe nani? Kukipiga chapa ni gharama, na kukituma ni gharama nyingine. Aliyekwisha kununua, jina lake limo daftarini. Asiyenunua bado, atajulikanaje?

Mwaka 1905 Bwana Sears aliwaandikia wanunuzi wake wazuri wa jimbo la Iowa. Aliwaomba kila mmoja awagawie rafiki na jirani zake vitabu 24, kisha ampelekee majina yao. Hao walipoagiza vitu, mgawaji alipata zawadi: jiko, baiskeli au cherehani. Wala si zawadi ndogo! Tazameni: mnunuzi wa zamani hakuandikiwa kama mgeni, bali aliombwa msaada. Mgeni naye alipokea kitabu mkononi mwa mtu anayemjua.

Siku hizi barua za namna hiyo hupita katika intaneti, na kutuma maelfu ni rahisi mno. Kwa hiyo wafanyabiashara wengi huwaandikia watu wote maneno yaleyale. Aliyenunua jiko jana hubembelezwa leo anunue jiko lilelile. Huvumilia mara mbili, tatu, kisha huomba jina lake lifutwe.